Maelezo ya Meza Namba Tatu

Kadi ya choo ilikuwa moja, na wanawake walikuwa arobaini na wawili. Kilikuwa kipande cha plastiki ya kijani kilichotobolewa tundu na kutiwa kamba, nacho kilining'inia kwenye msumari nyuma ya kiti cha Ashrafu, msimamizi wa zamu. Anayetaka kwenda haja aache kisu, avue glovu, avuke ukumbi mzima mbele ya wenzake, kisha asimame mbele ya kiti kile aombe. Ashrafu alitazama saa yake kwanza. Akipenda alitoa kadi. Asipopenda alisema, "Meza yenu iko nyuma kwa trei nne," na mtu akarudi alikotoka na haja yake.

Kiwanda chenyewe kilikuwa Zinga, kando ya barabara ya Dar es Salaam, nacho kilikausha mananasi. Kila alfajiri malori yalishusha mzigo kutoka Kiwangwa. Wanawake walimenya, wakatoa macho, wakakata visahani, wakapanga kwenye trei, na trei zikaingia kwenye mashine za moto. Vipande vilivyotoka vilitiwa kwenye pakiti zenye picha ya mwanamke anayecheka. Hakuna aliyemjua mwanamke yule. Wenyewe walisema bila shaka anacheka kwa sababu hajawahi kufanya kazi hapa.

Kiongozi wa meza namba tatu alikuwa Bi Mwanaharusi, mzaliwa wa Mkange, umri wake miaka hamsini na saba. Alikuwa mwanamke mwembamba, mgumu, anayefunga kanga juu ya aproni ya kiwanda ingawa ilikatazwa, na Ashrafu alishachoka kumkataza. Amefanya kazi pale miaka tisa, lakini mkataba wake ulikuwa wa miezi mitatu mitatu. Kila ukiisha anakaa roho juu akingoja kuitwa asaini mwingine. Huu wa sasa ulikuwa unaisha Ijumaa.

Jumanne ile, saa tatu na nusu asubuhi, Sabiha alirudi mezani mikono mitupu kwa mara ya tatu. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, mimba yake miezi sita, na aproni haikuweza tena kuificha.

"Kasemaje?" akauliza Bi Mwanaharusi bila kuinua kichwa.

"Kasema hiki ni kiwanda, si zahanati."

Wanawake wa meza wakatazamana. Sabiha akashika kisu. Jasho lilimtoka kwenye mdomo wa juu na magoti yalikuwa yanamtetemeka. Bi Mwanaharusi aliyaona.

"Vumilia, mwanangu," akasema. "Bado kidogo tu tutapumzika."

Sabiha akavumilia. Alivumilia nusu saa, kisha akaanguka kama mzigo, na kisu kikampasua kiganja kuanzia kwenye dole gumba hadi karibu na kifundo. Damu ikaruka kwenye trei mbili zilizokwisha kupangwa.

Ashrafu alikuja mbio. "Mananasi!" akapiga kelele. "Toeni hayo mananasi! Meza nzima, mwaga yote!" Alihesabu trei kwa kidole, midomo ikimcheza. Alipomaliza ndipo akatazama chini alipolala mtu.

Bi Mwanaharusi alikwisha kuifungua kanga yake na kuuzungushia mkono wa Sabiha. Dakika kumi baadaye Sabiha alipakiwa kwenye bodaboda kupelekwa zahanati, dereva mbele, yeye katikati, na Mwanajuma wa meza ile ile nyuma amemkumbatia asidondoke. Gari la kiwanda lilikuwa limeegeshwa kivulini. Ashrafu alisema lina kazi.

Saa tano Bi Mwanaharusi akaitwa ofisini.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha linalotazama barazani, ambako wanawake hula chakula cha mchana. Ashrafu alikuwa amekaa pembeni ya meza ya Tabia, ofisa utumishi, binti mpole ambaye kila asubuhi aliwaamkia akina mama wote wa kiwandani, mmoja mmoja. Leo naye aliamkia, lakini kwa sauti ya chini na macho kwenye kompyuta.

"Shikamoo, Bi Mwanaharusi."

"Marahaba, mwanangu."

Ashrafu hakuamkia. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na tangu apewe kiti kile alikuwa na desturi ya kusubiri kuamkiwa yeye. Wengine walimwamkia, kwa hofu ya mkataba. Bi Mwanaharusi alikuwa hajamwamkia hata siku moja.

"Kaa," akasema. "Hili jambo dogo. Kuna fomu ya ajali inakwenda wilayani, na kiongozi wa meza lazima aambatanishe maelezo. Nimekurahisishia. Tabia, msomee."

Tabia akasoma haraka haraka, kana kwamba maneno yanamuunguza ulimi. "Mimi, Mwanaharusi Muhammad, kiongozi wa meza namba tatu, nathibitisha kwamba mfanyakazi Sabiha alikuwa akichezea simu wakati wa kazi. Nilimwonya mara mbili hakusikia. Kwa hiyo ajali ilitokana na uzembe wake mwenyewe."

Chini ya maneno hayo palikuwa na mstari, na pembeni ya karatasi kidau cha wino wa buluu kimefunguliwa tayari.

Bi Mwanaharusi alielewa mara moja. Ikiwa ni uzembe, kiwanda hakidaiwi matibabu, na Sabiha anatoka getini na mkono wake na mimba yake bila hata pole. Tena anatoka kwa ushahidi wa mtu aliyemfunga kanga.

"Simu zetu unazifungia kabatini asubuhi," akasema. "Ufunguo unao wewe. Alichezea simu ya nani?"

"Bibi, sijakuita tubishane. Weka dole hapo."

"Dole gani?" Bi Mwanaharusi akanyoosha mikono yote miwili juu ya meza. Ncha za vidole zilikuwa zimechubuka, nyeupe, laini kama ngozi ya mtu aliyekaa majini siku nzima. Maji ya mananasi huingia hata ndani ya glovu, na glovu zenyewe hubadilishwa zikishakuwa matambara. "Mwaka jana nilikwenda kusajili laini ya simu, mashine ikakataa vidole vyote kumi. Yule kijana akaniuliza, mama, wewe unaishi kweli? Mistari yote imeliwa na kazi yenu hii. Hapo ukinichovya wino utapata doa tu."

Tabia akainamisha uso.

"Doa linatosha," akasema Ashrafu. "Na nikukumbushe, Ijumaa mkataba wako unakuja mezani kwangu. Nisaidie nikusaidie."

Bi Mwanaharusi akautazama mstari ule mtupu. Mkataba ule ulikuwa unga, mafuta ya taa, na dawa za presha za mumewe Shuaibu, ambaye hana tena nguvu za kushika jembe. Aliyafikiria yote hayo, na hakuna aliyeona usoni kwake.

"Mwanajuma aliposhtakiwa kuchelewa, wakati wa Ramadhani," akasema taratibu, "mlimpa karatasi tupu. Mkamwambia atoe maelezo kwa mkono wake mwenyewe. Nami nipeni karatasi tupu."

Ashrafu akacheka. Akavuta faili, akalifungua, akaligeuza ili Bi Mwanaharusi alione, kisha akakumbuka na kucheka tena. "Hapa pameandikwa hivi: Hajui kusoma wala kuandika. Haya ni maneno yako mwenyewe siku unaajiriwa."

"Siku ile niliulizwa nimefika darasa la ngapi. Nikasema sikwenda skuli. Hayo mengine mliyaandika ninyi."

"Basi sawa!" Akachomoa karatasi moja kwenye printa, akamsukumia pamoja na kalamu. "Mpaka saa saba. Ukiniletea maelezo uliyoandika kwa mkono wako, nayapokea na mhuri napiga. Usipoleta, unaweka dole kwenye haya. Tabia, wewe ni shahidi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," akasema Bi Mwanaharusi.

Kengele ya chakula ikalia saa sita. Barazani wanawake walifungua vibakuli vyao, mihogo ya nazi, wali na dagaa, na kila mmoja alikwisha kupata habari. Bi Mwanaharusi hakula. Aligeuza kreti la mananasi juu chini, akaweka karatasi, akaishika kalamu kwa vidole vilivyokuwa vinamwasha, na akaanza kuandika kutoka kulia.

Meza nzima ikasogea kutazama.

Huko Mkange, miaka aliyokuwa mtoto, baba yake alisema msichana chuo cha Kurani kinamtosha. Akapelekwa chuoni na ubao na kalamu ya mwanzi, akahitimu msahafu mara mbili. Mama yake akamwongezea kile ambacho mwalimu hakukifundisha, yaani kuandika maneno ya nyumbani kwa herufi zile zile za chuoni: fulani kajifungua, fulani kafariki, mpunga umekubali, njooni arusi. Wanawake wa kwao wote waliandikiana hivyo, kutoka Saadani hadi Pangani, na barua zao zilisafiri kwenye vikapu vya kuku. Bi Mwanaharusi alikuwa na mwandiko ambao shangazi zake waliusifu. Aliuacha siku dada yake aliponunua simu. Hakuna aliyewahi kumuuliza kazini kama anajua, naye hakuwa mtu wa kujitangaza.

Mkono ulikuwa mzito mwanzo. Mstari wa kwanza ulipanda juu kama njia ya mbuzi. Wa pili ukatulia. Kufika wa nne, herufi zilikuwa zimeshikana na kukaa mahali pake, na mwenyewe akaona fahari, akaiona wazi kabisa kifuani, na hakuifukuza.

"Bi Mwanaharusi," mmoja akanong'ona, "watajua kusoma haya?"

"Wameniambia niandike. Kusoma ni kazi yao."

Saa saba kasorobo alikuwa amesimama mbele ya meza ya ofisi. Akaitoa karatasi kwa mikono miwili, kwa adabu, kama anavyopewa mtu barua.

Ashrafu aliipokea akitabasamu. Tabasamu likakatika njiani. Akaitazama karatasi juu, akaitazama chini, akaona Bismillahi kwenye mstari wa kwanza, na mara akaiachia ikaanguka mezani, akajifuta vidole kwenye suruali.

"Umeniandikia nini? Mama, umeniandikia nini wewe?"

"Maelezo."

"Hii hirizi hii! Tabia, usishike! Wewe mama unaniletea hirizi ofisini?"

"Ningekuwa na hirizi," akasema Bi Mwanaharusi, "ningeitumia miaka tisa iliyopita."

Tabia alicheka kabla hajajizuia, akajifanya anakohoa. Lakini Ashrafu alikuwa amesogea nyuma kweli, kiti kimegonga ukuta. Alizaliwa Bagamoyo mjini, naye alipelekwa chuoni utotoni kama kila mtoto, akatoroka, akasahau yote isipokuwa woga.

"Mwite mlinzi," akasema. "Mwite Mwinyijuma. Si anafundisha watoto chuo, jioni? Aje aseme ni kitu gani hiki."

Mwinyijuma akaja kutoka getini, mzee mwenye ndevu nyeupe, kofia ya mlinzi juu ya kofia ya viua ya msikitini. Akamsalimu Bi Mwanaharusi kwanza, akamuuliza hali ya Shuaibu, akajibiwa. Ndipo akavaa miwani, akaichukua karatasi. Akaifuata mistari kwa macho, kutoka kulia.

"Mwandiko huu sijauona siku nyingi," akasema.

"Ni hirizi?" akauliza Ashrafu.

"Ni barua, bosi."

"Basi isome!"

Mwinyijuma hakuwa na sauti nyingine ya kusomea ila ile ya msikitini. Akasimama wima, akakohoa, akasoma, na dirisha lilikuwa wazi, na barazani vijiko vikasimama.

"Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kwa Mkuu wa Kiwanda. Salamu nyingi sana, ama baada ya salamu. Ninayeandika ni kiongozi wa meza namba tatu. Leo Jumanne Sabiha aliomba kadi ya choo saa mbili, akanyimwa. Akaomba saa tatu, akanyimwa. Akaomba saa tatu na nusu, akaambiwa hiki ni kiwanda, si zahanati. Ana mimba ya miezi sita na kila mwenye macho anaiona. Saa nne alianguka akiwa na kisu mkononi. Msimamizi alipofika alitazama mananasi kwanza, akayahesabu, ndipo akamtazama yeye. Simu hakuwa nayo, kwa kuwa simu zetu zimo kabatini, na ufunguo si wetu."

Ashrafu akataka kusema neno. Mwinyijuma akainua kidole kimoja, kama anavyowainulia watoto chuoni, akaendelea.

"Sikumwonya, kwa sababu hakukosa. Aliyekosa ni mimi. Nilimwona anatetemeka, nikamwambia vumilia. Neno hilo nimewaambia wasichana wengi katika miaka yangu hapa. Nimemwambia aliyechomwa na trei ya moto. Nimemwambia aliyefiwa akanyimwa ruhusa ya kuzika. Nilidhani nawasaidia. Kumbe nilikuwa nakufanyieni kazi yenu ninyi wakubwa, tena bure. Leo nalirudisha neno hilo kwenu, mlichukue, mlitumie wenyewe. Mimi sitalisema tena."

Kisha dirishani sauti moja ya kike ikasema, "Amin." Pengine alisema kwa mazoea tu, kwa vile mzee alivyosoma. Lakini wa pili akaitikia, na wa tatu, na baraza zima likasema Amin kwa pamoja, mpaka vioo vya dirisha vikatikisika.

"Basi! Inatosha!" Ashrafu akaipokonya karatasi kabla mzee hajafika mwisho. "Hii haihesabiki. Haihesabiki hata kidogo. Lugha ya kazi hapa ni Kiswahili!"

Mwinyijuma akavua miwani. Akamtazama kwa mshangao wa kweli.

"Bosi, hicho nilichosoma ni Kiswahili."

Barazani mtu akapasuka kwa kicheko. Ashrafu akafunga dirisha kwa kishindo. Alipogeuka, uso wake ulikuwa umevimba, na kwa mara ya kwanza alionekana umri wake hasa, kijana aliyepewa kiti kabla hajafundishwa kukikalia.

"Mlinzi, rudi getini, tutazungumza baadaye. Na wewe," akamwelekezea Bi Mwanaharusi kidole, "Ijumaa usihangaike kuja kusaini. Hakuna mkataba. Kamalize siku zako tatu, kimya, uende zako."

"Nimesikia," akasema Bi Mwanaharusi. "Sasa piga mhuri."

"Nini?"

"Ulisema nikileta nilichoandika kwa mkono wangu utapokea na mhuri utapiga. Shahidi huyu hapa."

Ashrafu akamtazama Tabia. Tabia alikuwa amekwisha kuvuta droo. Akautoa mhuri, akaupuliza pumzi, akauweka juu ya karatasi akaukandamiza kwa kiganja. IMEPOKELEWA, na tarehe.

"Ambatanisha haya yangu kwenye fomu," Ashrafu akamwambia, akigonga karatasi iliyochapwa. "Hayo mengine yatupe." Akatoka akibamiza mlango, na mara wakasikia akiwafokea watu ukumbini warudi kazini, ingawa kengele ilikuwa bado dakika tano.

Bi Mwanaharusi akageuka aondoke. Tisa ni miaka mingi, na nyumbani atamwambia nini Shuaibu? Alijua atakachomwambia, atamwambia yote kama yalivyo, na mume wake atamuuliza kama amekula.

"Bi Mwanaharusi." Tabia alikuwa amekwenda mlangoni akazungusha ufunguo. "Ngoja kidogo."

"Mwanangu, utajiponza."

"Yale maelezo ya kwanza nimeyachapa mimi asubuhi. Alinisomea, nikachapa." Akarudi mezani. "Sikukosea hata herufi moja. Nilirudia kuyahakiki." Akaichukua karatasi ile yenye mstari mtupu, akaikunja, akaikunja tena, akaitia ndani ya mkoba wake. "Wilayani hawatasoma mwandiko wako. Nataka niyachape yako, niyabane pamoja na haya yenye mhuri, yaende yote mawili. Lakini mimi chuoni niliishia alifu. Nisomee."

Bi Mwanaharusi akaichukua barua yake mezani. Kisha akavuta kiti kile kile alichokalia Ashrafu, akakaa.

Alisoma taratibu, kidole kikitambaa kutoka kulia, na Tabia akachapa. Kila mstari ukiisha alisubiri mpaka vitufe vinyamaze. Ukumbini mashine zilikuwa zimeanza kunguruma tena. Mara moja mtu alitikisa kitasa cha mlango, akaondoka. Hawakuinua vichwa. Katika maelezo walipita saa mbili, wakapita saa tatu na nusu, wakapita mananasi na kabati la simu, wakapita neno vumilia, na hapo Tabia alisimama akajipangusa macho kwa ukingo wa mtandio, kisha akaendelea.

Ikabaki chini kabisa, mahali Mwinyijuma alipokatizwa asifike. Tabia hakungoja kusomewa. Alifungua faili pembeni akaangalia, akachapa mwenyewe: Mwanaharusi Muhammad.

Bi Mwanaharusi hakujua kuzisoma vizuri herufi zile, lakini alijua jina lake lina maneno mangapi.

"Hapo hujaniandika mimi," akasema.

"Kwenye faili ndivyo ulivyo, Bi Mwanaharusi."

"Kwenye faili, ndiyo." Akaweka kidole chake kilichochubuka juu ya karatasi yake mwenyewe, chini ya neno dogo katikati ya majina mawili, aliloliandika kwa herufi nene kuliko yote. "Mwanaharusi binti Muhammad. Lisinipotelee hilo. Mimi nina kwetu."

Tabia akafuta, akaandika upya.